Bagamoyo kwa siku mbili: uanzie wapi, uulize nini, ujistirije

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Morogoro. Likizo hii nataka kuwapeleka wanangu wawili Bagamoyo, binti wa miaka 15 na mdogo wake wa kiume wa miaka 12. Wenzangu shuleni wananivunja moyo. Wanasema kule ni magofu na minyororo tu, saa tatu zinatosha, kisha mrudi zenu Dar. Je, ni kweli? Tuanzie wapi? Habari za utumwa na za Wajerumani niwaeleze vipi watoto ili wasirudi na huzuni tupu? Na kama bado kuna mila zinazoishi, kama dhikri na ngoma, wageni tunaruhusiwa kuhudhuria?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Magofu yapo, hapo wenzako wamesema kweli. Kwenye hizo saa tatu ndipo walipokosea. Saa tatu zinatosha kupiga picha mbele ya Boma, lile jengo la utawala la Wajerumani, na kununua kinyago. Bagamoyo huamka alfajiri samaki wakishushwa, husinzia adhuhuri jua likiwa kali, na huamka tena baada ya swala ya alasiri. Wageni wanaotoka Dar asubuhi na kurudi mchana huwa wamekuja katika ule muda ambao mji umelala, halafu wanakwenda kusema mji umekufa. Laleni angalau usiku mmoja, na mkiweza miwili ni bora zaidi.

Jambo la pili: msianze na Boma. Najua waongozaji wengi huanzia hapo, maana ni jengo kubwa na liko karibu. Lakini mtoto akianza na Boma, kichwani mwake mji unakuwa umejengwa na Wajerumani, na yote atakayoyaona baadaye atayapachika chini ya picha hiyo. Boma ni la mwaka 1897. Kufikia hapo Bagamoyo haikuwa hata makao makuu tena, kwa kuwa Wajerumani walikwisha kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891.

Anzeni Kaole, kama kilomita tano kusini mwa mji. Chukueni bajaji, na mpatane na dereva awasubiri. Pale mtaona mabaki ya misikiti ya mawe ya matumbawe na chokaa, wa zamani zaidi ukiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ambayo baadhi yake yalipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Mwache kijana wako apige hesabu mwenyewe: kutoka karne ya 13 hadi 1888, bendera ya Wajerumani ilipopandishwa pwani hii, ni kama miaka mia sita. Hesabu hiyo itamfundisha kuliko hotuba yangu au yako. Waonyeshe pia mikoko upande wa bahari. Zamani vyombo vilifika hapo, na mwaka 1857 wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipokuja kutafuta maziwa ya bara walishukia Kaole. Baadaye tope na mikoko vikaziba, na biashara yote ikahamia Bagamoyo.

Kaole ni eneo la kale, lakini pia ni mahali pa ibada. Kuna makaburi ambayo watu bado huyazuru, wakaomba dua na kuacha ubani. Mkikuta mtu anaomba, simameni mbali. Kijana asirukeruke juu ya kuta wala asikae juu ya kaburi ili apigwe picha, hata kama mwongozaji hasemi kitu. Waongozaji wengine huona haya kumkanya mgeni anayelipa.

Sasa utumwa, ambao nadhani ndio unaokusumbua zaidi. Utasikia mengi Bagamoyo juu ya minyororo, na mengine yamekolezwa chumvi kwa ajili ya wageni. Watumwa walipita hapa, walikaa hapa, walilima mashamba ya hapa, hilo halina ubishi. Lakini bandari kuu iliyosafirisha watumwa kwenda Unguja ilikuwa Kilwa, na wengi wao walitolewa pande za Ziwa Nyasa. Bagamoyo ilitajirika hasa kwa pembe za ndovu, na walioibeba biashara hiyo mabegani walikuwa kwa sehemu kubwa wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Safari ya kutoka Tabora ilichukua miezi. Walishuka na pembe wakapanda na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Walijua kupatana ujira, na walijua pia kugoma au kutoroka msafara uliowadhulumu. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, nyuma yake ngoma na mabarghumu. Msafara ulipokaribia pwani watu walivaa vizuri kwanza, ndipo wakaingia mjini.

Kwa hiyo mtakapofika kwenye jengo la Caravan Serai, yaani kituo cha misafara, muulizeni mwongozaji: wapagazi walilala wapi? Walilipwa nini? Msimu wa mvua walifanya kazi gani? Akiwa na majibu, mmepata mwongozaji mzuri, shikamaneni naye siku nzima. Akiruka maswali hayo na kurudi kwenye minyororo, msikilizeni kwa heshima, kisha kesho tafuteni mwingine. Silengi kuwafichia watoto ukatili. Nataka wajue kwamba watu weusi waliopita mji huu walikuwa na kazi zao, akili zao na majivuno yao, kwa kuwa picha ya mtu aliyefungwa shingo huwafuata watoto wetu kila mahali kana kwamba hatukuwa na sura nyingine.

Kwenye misheni ya Wakatoliki kuna mfano mzuri wa jinsi hadithi inavyogeuka. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na wakapanda mbuyu ambao leo ni mkubwa ajabu. Ndani ya shina lake kuna kipande cha mnyororo kilichomezwa na mti. Kila mtoto akikiona husema, “Hapa walifungwa watumwa.” Hapana. Maelezo ya misheni yenyewe ni kwamba mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Waache wanao wakisie kwanza, kisha mwambie mwongozaji awaeleze. Ni somo la historia lenye thamani ya muhula mzima.

Misheni hiyo ipeni asubuhi nzima. Mapadri waliwanunua watoto na watu wazima kutoka soko la watumwa la Unguja, wakawaweka Bagamoyo katika kijiji kilichoitwa cha uhuru, wakawapa mashamba na kuwaozesha. Ukombozi huo ulikuwa na masharti yake: kengele ya kuamka, kengele ya kazi, kengele ya sala. Binti yako wa miaka 15 ana umri wa kutosha kuulizwa kama huo ulikuwa uhuru, na wa namna gani. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe Tanganyika bara haukufutwa kisheria mpaka 1922, chini ya Waingereza. Miaka yote ya Wajerumani, ambao walidai wamekuja kuuondoa, sheria yao haikuufuta. Hilo wengi hawalijui.

Kwenye mnara wa kanisa la zamani, lililojengwa 1872, ndipo mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiingereza, ulipolazwa usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye kuzikwa Westminster, London. Alifia mbali, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873, na waliombeba hadi pwani ni Waafrika waliokuwa wakimtumikia. Majina ya Chuma, Susi na Jacob Wainwright yamehifadhiwa. Mnara unaitwa kwa jina la maiti. Ningekuwa na uwezo ningeuita kwa majina ya wachukuzi, ila sina, basi nakwambia wewe uwaambie watoto.

Mchana wa siku hiyo pumzikeni. Jioni tembeeni Mji Mkongwe kwa miguu, mkishika mtaa unaoitwa India Street. Tazameni milango ya nakshi, mabaraza ya mawe mbele ya nyumba, na maghorofa yanayobomoka polepole kwa sababu warithi ni wengi na hakuna mwenye fedha ya chokaa na boriti. Hapo ndipo jina la Sewa Haji Paroo litakapowajia. Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, Mwismailia, aliyezipatia safari za bara bidhaa na wapagazi. Jengo la forodha lililoko ufukweni, la mwaka 1895, alilijenga yeye. Alifariki 1897. Mtu yeyote aliyewahi kulazwa au kumtembelea mgonjwa Muhimbili anajua jengo la Sewahaji. Ni huyohuyo, kwa kuwa hospitali aliyoigharamia Dar es Salaam ndiyo chimbuko la Muhimbili. Watoto hufurahi jina walilolisikia hospitalini linapopata uso.

Kuhusu vita, msiikose habari yake, maana imeandikwa kwenye ardhi ile. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodishia pwani kampuni ya Kijerumani, na watu wa Mrima, yaani pwani hii, hawakuulizwa. Wakaasi, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani. Septemba mwaka huo watu walipigana mitaani Bagamoyo, na manowari ya Kijerumani ikateremsha wanajeshi. Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Kijerumani, aliivamia ngome ya Abushiri karibu na mji, akiwa na askari wengi wa Kisudani na wengine waliotolewa Msumbiji. Desemba Abushiri alinyongwa Pangani. Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba katika vita vyote hivyo Abushiri hakuishambulia misheni. Maelfu ya raia walikimbilia humo wakapona, na padri mkuu akawa msuluhishi. Yapo makaburi ya askari wa Kijerumani karibu na bahari, yametunzwa vizuri, na lipo jiwe la kumbukumbu la mahali Waafrika waliponyongewa. Yatazameni yote mawili siku moja. Mengine watoto watayaona wenyewe.

Boma mtalipitia tu. Ni jengo zuri kwa nje, limeumizwa na mvua na limekarabatiwa, na mbele yake watu hupenda kupiga picha. Ngome Kongwe ina uhai zaidi: ilianza kama nyumba ya Mwarabu tajiri, kama mwaka 1860, ikawa kambi ya jeshi, ikawa gereza. Uliza na hapo, lakini usikae sana.

Haya, mila. Kwanza nitenganishe vitu viwili ambavyo wageni huvichanganya. Kuna ngoma za Bagamoyo, na kuna ngoma zinazochezwa Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wanafunzi wake hujifunza sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma, muheme wa Wagogo, na nyingine za nchi nzima, pamoja na maigizo, sarakasi na muziki. Tamasha lao hufanyika kila mwaka, aghalabu kati ya Septemba na Novemba, nalo linafaa sana kwa watoto. Nje ya msimu wa tamasha piteni chuoni mkaulize kama kuna mazoezi au onyesho. Mara nyingi mtu akiomba vizuri haondoki mikono mitupu. Lakini msirudi Morogoro mkasema mmeona utamaduni wa Bagamoyo. Mmeona utamaduni wa Tanzania uliofundishwa Bagamoyo, na wenyewe unastahili heshima yake.

Ngoma za wenyeji, yaani Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua, hazina tiketi wala ratiba. Zinachezwa panapokuwa na shughuli: harusi, kumtoa mwali, kutahiri. Mdundiko wa Kizaramo ni ngoma ya kutembea, inapita mitaani na kubeba watu kadiri inavyokwenda; mkikutana nayo barabarani mnaweza kufuata nyuma kidogo kama wafuatavyo majirani, ila shikaneni mikono, kwa kuwa msongamano ni mkubwa na vibaka hawalali. Yale ya ndani ya unyago si ya kutazamwa. Usimwombe mtu akuingize, na ukiambiwa na kijana wa mjini kwamba kwa fedha fulani atakupeleka, kataa. Binti yako akiona kile kisanamu cha mti kinachoitwa mwana hiti kwenye duka la vinyago, mwambie ni cha mafunzo ya mwali wa Kizaramo. Akitaka zaidi, mtafutieni mama wa makamo anayeuza khanga au vitumbua, mkae naye. Atakachoamua kusema kinatosha.

Desturi za watu hawa zilikwisha kuandikwa zamani, na mwenyeji wa hapahapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maelezo yake juu ya maisha ya watu wa Mrima, harusi, ngoma, majumbe na ada zao, yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mwalimu kama wewe ayatafute maktaba kabla ya safari. Ukishayasoma, mabaraza ya India Street utayaona kwa jicho lingine: utajua nani alikaa wapi, na kwa nini mtu alikopa hadi kufilisika ili karamu yake izidi ya jirani.

Dhikri ndiyo jibu langu refu zaidi, maana hapo ndipo moyo wa mji ulipo. Bagamoyo ni kituo kikubwa cha tarika ya Kadiria, moja ya njia za Kisufi katika Uislamu, na aliyeikuza ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Alitolewa bara, upande wa Kongo, akiwa mtoto mtumwa, akalelewa katika nyumba ya Mwarabu mkubwa wa mji, akasoma dini, na kufikia kifo chake mwaka 1931 alikuwa kiongozi wa dini anayeheshimiwa pwani yote. Wanawe na wajukuu wameiendeleza kazi hiyo, na kila mwaka hufanyika ziyara inayoleta watu kutoka mikoa mingi. Umeuliza utawaelezaje watoto utumwa bila kuwajaza huzuni. Waanzie na mtu huyu. Mji uliomnunua mtoto ndio uliokuja kumbusu mkono.

Wageni wanaruhusiwa, pamoja na wasio Waislamu, kama wanakuja kwa adabu. Tarehe hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo ulizeni mapema kwa mwenyeji wenu. Maulidi ya Mfunguo Sita nayo husomwa sehemu nyingi. Wanawake wana upande wao. Wewe na binti mtakaa huko, na kijana mumkabidhi kwa mzee wa kiume mtakayetambulishwa kwake. Vaeni nguo ndefu, mtandio kichwani, na kijana avae suruali ndefu. Kofia si lazima, lakini itapendwa. Simu iwe mfukoni. Ukitaka picha muombe mkubwa wa shughuli, na akisema hapana usichukue ya kuibia. Dhikri ikipamba moto, watu wakiyumba kwa mistari na pumzi zikipanda, mtoto anaweza kutaka kucheka au kuogopa. Mweleze kabla kwamba ni ibada. Wakipita na sahani ya sadaka toeni chochote, wakileta biriani kuleni.

Mengine ni ya kawaida. Salimieni kwanza kabla ya kuuliza njia, na watoto waamkie, kwa sababu mgeni asiyeamkia Bagamoyo hupewa majibu mafupi. Msimamo wa nguo za heshima uwe wa mjini kote. Nguo za kuogelea ziishie ufukwe wa hoteli. Ramadhani inawezekana kuja, lakini mchana migahawa mingi imefungwa na msile barabarani. Badala yake jioni futari ni tamu na mji hukesha. Kwenye mnada wa samaki fikeni mapema, simameni pembeni na msiwazuie wachukuzi. Msifuate mwaliko wa kupanda jahazi la mizigo kwenda Unguja, hata kijana akililia. Ufukweni msitembee peke yenu na simu mkononi, hasa upande wa kwenda Kaole, hata kama ni mchana. Kwenye maeneo ya serikali lipieni kwa utaratibu rasmi na mdai risiti, na uliza kama kuna kiwango cha wanafunzi.

Njia, kwa kuwa unatoka Morogoro: usikubali kuambiwa lazima upite Dar. Mkifika Chalinze shikeni barabara ya Segera hadi Msata, na hapo mtaikuta lami inayokwenda Bagamoyo moja kwa moja. Mkiwa na magari ya abiria mtaunganisha Chalinze na Msata, jambo ambalo asubuhi ni rahisi na jioni si rahisi, hivyo siku ya kurudi muwe barabarani kabla ya saa nne. Wanaorudi kupitia Dar Jumapili jioni wataikuta foleni ya Bunju na Tegeta.